Kipande cha Kufungulia Dansi

Baba yangu alitunga kipande kimoja cha mambo, ule muziki wa dansi uliotoka Kuba, ambacho Dar es Salaam nzima inakijua, na hakuna anayejua kuwa ni chake. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akadhani nina jambo kubwa zaidi la kumwambia. Kipande chenyewe hakina maneno. Ni tarumbeta mbili, saksafoni, magita, tumba na dramu, na kinakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Ukikipiga mluzi pale Kariakoo, upande wa vitunguu, lazima atokee mtu wa kukumalizia. Muulize ni cha nani. Atakwambia ni cha redio.

Baba hakutaka makubwa. Alitaka siku moja kipande kinapopigwa amsikie mtu mwingine akisema kwamba ni chake, na akitaja jina. Mtu mwingine, si yeye mwenyewe. Hapo alikuwa mgumu kuliko jiwe la kusagia. "Mtu hajitangazi," alikuwa akisema. "Unakaa, unatangazwa." Mama alikuwa anamjibu kwamba basi atakaa sana.

Bendi yake ilikuwa mali ya shirika moja la umma, kama zilivyokuwa bendi nyingi wakati ule. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa shirika sawasawa na makarani na madereva, na vyombo vilikuwa vya shirika. Dansi likiisha, vyombo vinarudishwa stoo, mlango unafungwa, na mpiga tarumbeta anarudi nyumbani kwake mikono mitupu. Kitu pekee alichoruhusiwa kubeba ni kile kidomo cha chuma cha kupulizia, maana hakuna aliyetaka kuweka midomo yake kwenye mate ya mwenzake. Baba alikiviringisha kwenye leso na kukitia mfuko wa shati. Kipande chote alikitungia kwenye kidomo hicho, amekaa kitandani chumbani kwetu, katika nyumba ya Kiswahili iliyokuwa na wapangaji kila mlango. Kidomo bila tarumbeta yenyewe hutoa sauti ya bata aliyekanyagwa. Mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anagonga ukuta na baba anaomba radhi, kisha anaendelea kwa sauti ndogo zaidi. Mimi nilikuwa binti mdogo, nalala miguuni pa baba na mama, na mpaka leo sijui kama wimbo ule niliusikia kwanza nikiwa macho au usingizini.

Kilikuwa kipande cha kufungulia dansi. Asiyezijua bendi za zamani hataelewa maana yake, kwa hiyo nieleze. Waimbaji ndio waliohesabiwa kuwa watu. Wao hawakupanda jukwaani mpaka ukumbi ujae, wakikaa huko nyuma wanajipaka mafuta na kunyoosha mikunjo ya suruali. Kabla yao walipanda wapigaji, wakapiga ala tupu ili kusikiliza kama magita yako sawa, na ili watu wapate muda wa kutafuta viti na kuagiza bia. Hakuna aliyesimama kutangaza kipande cha kufungulia, kama vile hakuna anayetangaza ufagio kabla ya kufagia. Watu walianza kucheza hata kabla ya kukaa, na baba aliliona hilo kutoka jukwaani, lakini jina lake halikuwahi kupita kwenye kile kipaza sauti. Likitajwa jina, ni la mwimbaji.

Siku bendi ilipokwenda redioni kurekodi, walirekodi nyimbo zao zenye maneno, kila mmoja ukaandikiwa jina la mtunzi. Mwishoni fundi wa mitambo akasema utepe umebaki kidogo, je, wana chochote kifupi? Wakapiga cha kufungulia, mara moja tu. Katikati, pale tarumbeta inapopanda peke yake, mdomo wa baba uliteleza. Sauti ikatoka imepasuka kidogo, kisha ikashuka mahali pake. Akaomba warudie. Fundi akamwonyesha utepe umekwisha. Kwenye lebo wakaandika jina la bendi na chini yake "ala tupu", basi.

Mtu mmoja pale redioni, sijui nani, akakichukua kikawa cha kufungulia kipindi cha salamu cha mchana. Wakati ule redio ilikuwa moja, na mchana kila nyumba ilikuwa imewasha. Kwa hiyo kipande kikaingia majumbani na kukaa. Waswahili hatuwezi kuuacha wimbo bila maneno. Kila mtu aliutilia ya kwake. Watoto wa mtaani kwetu waliimba kuhusu chai na mkate. Akina mama uani waliimba kuhusu mume anayechelewa. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walipofika pale tarumbeta inapopanda walipasua sauti kama alivyopasua baba. Walidhani ndivyo ilivyotungwa.

Hilo lilimuuma na kumchekesha kwa pamoja. Aliweza kuwa anakula, akapita mtoto dirishani anaimba, akafika pale, akapasua. Baba anaweka tonge chini. "Unasikia?" anamwambia mama. "Kosa langu linajulikana kuliko mimi." Mama anamwambia ale, wali unapoa.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Vitu vikajaa madukani, vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata rangi zake, na mashirika ya umma yakaanza kufa moja baada ya jingine. La baba lilikufa taratibu. Kwanza mishahara ikachelewa, kisha dansi zikapungua kwa sababu watu walikuwa na disko na video, kisha wanamuziki wakaitwa ofisini wakaambiwa bendi haimo katika shughuli zitakazoendelea. Vyombo vilinadiwa pamoja na feni na madawati ya ofisi. Baba alikwenda kutazama. Mama alimkataza, akaenda. Aliporudi alisema tarumbeta yake imechukuliwa na mtu aliyekuwa anataka madawati, wakamwongezea na vitu vyote vya ile kona ya stoo. Alilieleza hilo akiwa anavua viatu, na sikumsikia tena akiitaja tarumbeta ile. Kidomo kilibaki kwenye leso yake mpaka mama alipokiweka kwenye sanduku la nguo.

Akaingia soko la Mchikichini kuuza viatu vya mitumba. Alikuwa muuzaji mbaya. Mteja akilalamika kwamba soli imechoka, baba anakubaliana naye. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, nimeolewa nikaachika, nimerudi nyumbani na cherehani yangu, nashona barazani, na jioni nilikuwa namfuata kumsaidia kubeba. Meza ya jirani yake ilikuwa ya kijana muuza fulana aliyekuwa na sauti nzuri, na mwito wake wote aliuimba kwa kipande cha baba. "Chagua, chagua, jipimie, chagua!" Na pale pa kupasua anapasua. Baba alikaa kando yake mwaka hadi mwaka, anasikia kipande chake kikiuza fulana kutwa nzima, na viatu vyake havitoki. Nilimwambia, "Baba, si umwambie tu huyu kijana?" Akaniuliza, "Nimwambie nini? Kwamba aache kuimba?"

Nilikuwa na hasira na baba, na hasira hiyo sikuificha. Niliuona unyenyekevu wake kama aina fulani ya kiburi, na bado nadhani sikukosea sana. Vyama vingi vilipoingia, nilipita Mnazi Mmoja siku ya mkutano, vipaza sauti vikawa vinakipiga kipande kile kuwachangamsha watu wakati wanamsubiri mgeni rasmi. Chama gani sisemi, maana baadaye nilikisikia chama kingine nacho kikifanya hivyo hivyo. Watu wamenyanyua mikono, wanacheza juani. Nilisimama pale na furushi la vitambaa kichwani na machozi yananitoka, na mama mmoja akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ng'ambo ya mtaa wetu, palipokuwa na nyumba kama yetu, pakajengwa ghorofa, na chini yake kijana mmoja kutoka Kilimanjaro akafungua duka la kaseti. Sote tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenzake wote. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, na spika zake alizielekeza mtaani, yaani kwetu. Alikuwa na kaseti ya nyimbo za zamani iliyokuwa inauzika kama maandazi ya moto, na ya kwanza upande wa kwanza ilikuwa kipande cha baba. Asubuhi akifungua duka, anaanza nacho. Baba akitoka kwenda Mchikichini alikuwa anasimama kidogo mlangoni kwa Mangi, viatu begani, mpaka kiishe.

"Shikamoo mzee. Naona hii unaikubali kinoma," Mangi alimwambia.

"Marahaba. Naipenda."

"Ya kitambo hii. Siku hizi hawapigi hivi."

"Hawapigi," baba akasema, akaenda zake.

Niliyaona hayo nikiwa kwenye cherehani, barazani. Jioni nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema kijana hakuuliza.

Ndipo nikaamua kwamba kama lazima atangazwe na mtu mwingine, nitamtafuta huyo mtu. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, za vijana wanaoongea haraka, na mojawapo ilikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani Jumapili. Nikavaa vizuri nikaenda kwenye ghorofa lao mjini. Binti wa mapokezi aliniuliza nataka nini, nikamweleza yote, tangu kidomo cha chuma mpaka lebo ya ala tupu. Alinisikiliza akiwa amefunika simu kwa kiganja. Akaandika kwamba kuna mzee aliyepiga tarumbeta bendi fulani. Nikamwambia, "Andika pia kwamba ndiye aliyetunga." Akasema ataeleza kwa mdomo.

Simu hatukuwa nayo. Niliacha namba ya mama mmoja wa Kihindu kule Mchafukoge, niliyekuwa namshonea blauzi za sari. Huyu mama alikuwa akianika nguo kwenye veranda ya ghorofani anakiimba kipande cha baba kwa "la la la", kwa hiyo nilimwona kama mtu wa upande wetu. Watu wa redio walipopiga simu, alimtuma mtumishi wake kunifuata mbio, na nilipopanda ngazi alikuwa amekwishaitikia kila kitu kwa niaba yetu. "Jumapili!" aliniambia, ameshika mikono yangu yote miwili. "Baba aje Jumapili!"

Baba alitoa suti yake ya bendi. Ilikuwa imebaki na umbo lake la zamani, yeye hakubaki nalo. Nikaipunguza kiunoni na mabegani, na bado ilimning'inia. Alikwenda kwa miguu akikwepa madimbwi. Sisi tulibaki nyumbani na mama, redio dirishani, na wapangaji wote wamekaa ukumbini, maana mama hakuweza kuificha habari ile.

Mtangazaji alikuwa kijana wa watu. Nasema hivi kwa haki, kwa sababu nilimchukia kwa muda mrefu kisha nikachoka. Alimpokea baba kwa "shikamoo" ya heshima, akamwita "mzee wetu". Mzee wetu karibu. Mzee wetu hebu tuambie. Alimwita mzee wetu mwanzo hadi mwisho na hakumtaja jina hata mara moja, kwa sababu alilelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwiti mtu wa umri wa baba yake kwa jina. Alimuuliza habari za waimbaji, nani alikuwa anagombana na nani, nani alimchukulia nani mchumba. Baba alijibu kwa upole na ufupi. Halafu dramu zikaingia, na tumba, na mama akanishika goti.

"Na hiki je, mzee wetu, unakikumbuka?" kijana alisema juu ya muziki. "Nani hakijui, jamani! Wana wa Bongo, hiki hakina mwenyewe. Hiki ni chetu sote!"

Tukasubiri. Tukaisikia tarumbeta ikipanda, ikapasuka, ikashuka.

"Nakikumbuka," baba akasema.

Baada ya hapo likaingia tangazo la sabuni.

Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikumpa hata nafasi ya kuvua koti. "Baba, kwa nini hukusema? Amekuuliza!"

"Ameniuliza kama nakikumbuka."

"Ungesema ni chako!"

"Mtu amesema mbele ya nchi nzima kwamba hakina mwenyewe, nimwambie ni mwongo? Ndani ya kipindi chake? Amenikaribisha soda, binti yangu." Akakaa kitandani. Alionekana mdogo ndani ya lile koti. Kisha akasema, "Alivyokisema lakini. Umesikia alivyokisema? Kwa furaha." Mama akaniashiria nitoke.

Sikurudi tena kule kwenye ghorofa lao. Yule mama wa Mchafukoge alitaka kupiga simu kuwagombeza, nikamzuia, maana baba angejua na angeona haya.

Alianza kuumwa kifua mvua za mwaka uliofuata. Mtu aliyeishi kwa pumzi yake, ikamwisha kidogo kidogo. Alikuwa hawezi kufika Mchikichini, kisha hawezi kufika barazani. Mchana tulimwekea redio karibu na mto, ile ile redio ya zamani ya taifa, kwa sababu hizo mpya zilimchosha kwa makelele. Kipindi cha salamu kikifunguliwa alifumba macho. Siku moja niliviona vidole vyake vitatu vinacheza juu ya shuka, vikibonyeza kana kwamba vimeshika tarumbeta. Alipofika pale pa kupasua, vidole vilienda mahali pengine, mahali alipotaka kwenda siku ile ya kurekodi. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Yeye hakujua kwamba nimeona.

Alifariki alfajiri, nyumbani, mama akiwa amemshika kichwa. Baba mkubwa, kaka yake, alifika kabla jua halijatoka akashika mambo yote. Alikuwa mtu wa msikitini, mpole, ambaye muziki wa dansi hakuupenda lakini hakuwahi kumsema mdogo wake kwa ajili hiyo. Akapanga mazishi yawe alasiri. Yeye na vijana waende makaburini, mimi niende redioni kupeleka tangazo la kifo, ndugu wa mbali wasikie.

Nilikwenda na kanga niliyoamkia. Kwenye dirisha la kupokelea matangazo alikuwepo mama mtu mzima, mwenye miwani, akanipa pole ya kweli. Tangazo la kifo lina mtindo wake na kila mtu anaujua: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea wapi, mazishi lini, na habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Nikaandika hivyo hivyo, kwa jina la baba mkubwa. Lakini baada ya jina la baba nikaongeza maneno machache: aliyetunga muziki wa kufungulia kipindi cha salamu.

Mama yule alisoma, akatoa kalamu, akayakata.

"Hapa hatuwasifu marehemu, mwanangu," aliniambia. "Tukimsifu wako, kila mtu atataka tumsifu wake. Hapatakuwa na mwisho."

"Si sifa, mama. Ndiyo kazi yake. Mnaipiga hapa hapa, kila siku."

"Najua una uchungu." Alinishika mkono kupitia dirishani. "Jina lake litasomwa lote, la baba yake na la babu yake. Litasomwa vizuri. Nenda kazike."

Nilitaka kuivunja ile kalamu. Badala yake nikamwambia asante, maana na mimi nililelewa na yule mzee.

Nilipokuwa narudi nikawaza ratiba ya mchana, na hapo nikasimama katikati ya njia. Matangazo ya vifo yalisomwa kabla ya salamu. Jina la baba litasomwa na kipande kitafuata. Hakuna atakayeviunganisha, lakini vitafuatana. Mtu mwingine atataja jina lake, kisha kipande kitapigwa. Sikuwahi kuomba dua kwa nguvu kama nilivyoomba njiani siku ile kwamba wasibadilishe ratiba.

Nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa mbele ya baraza, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka ndani, mama chumbani na kanga usoni. Redio ilikuwa dirishani ili walio nje na ndani wote wasikie. Nikakaa chini yake. Matangazo yalianza, misiba ya watu wengine, Tabora, Lindi, Moshi, kisha likaja letu. Sauti ilikuwa ya mtangazaji wa zamani, nzito, isiyo na haraka. Alilisoma jina la baba lote, kama yule mama alivyoniahidi, kila herufi mahali pake. Wanawake wakaangua kilio. Mimi sikulia. Nilikuwa nasubiri.

Dramu. Tumba. Kisha pumzi ya baba ikaingia kwenye tarumbeta, pumzi yenyewe, ya kifuani mwake, wakati mwili wake umelala chumbani kwetu umefunikwa shuka.

Mkono ukapita juu ya kichwa changu, ukazima redio. Ulikuwa mkono wa baba mkubwa. "Muziki kwenye msiba," alisema taratibu, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Tumsitiri mwenzetu." Wote waliitikia kwamba ni kweli.

Nilijiambia si kitu. Mtaa wetu haukosi redio. Kipo kibanda cha kinyozi, ipo saluni, yupo Mangi na spika zake. Hapo hapo kitasikika kutoka kila upande kama siku zote. Nikatega sikio. Hakuna. Nilisikia mkokoteni ukipita na mtu akikohoa. Nikatoka nje na kanga yangu, nikapita mbele ya wanaume, jambo lisilofanywa, nikavuka mtaa.

Mangi alikuwa amekaa ndani ya duka lake gizani. Spika alikuwa amezigeuza uso ukutani.

"Pole sana dada," alisema, akasimama haraka. "Tumezima wote tangu asubuhi. Kinyozi, dada wa saluni, niliwapitia mwenyewe. Mzee alikuwa mtu wangu yule."

"Mangi, nipigie kile kipande. Kile cha kwanza."

Hakunielewa. "Dada, una msiba."

"Najua. Nipigie."

"Siwezi, dada yangu. Watu watanionaje? Mzee yumo ndani hajazikwa, mimi napiga mambo? Hapana. Leo namheshimu."

"Ni chake," nikamwambia. "Kile kipande ni cha baba. Alikitunga yeye, ile tarumbeta ni yeye." Nikamtajia jina.

Mangi alinitazama. Nikaona macho yake yanalengwa na machozi, na nikaona pia kwamba hakuamini hata neno moja. Alikuwa amewahi kufiwa, anajua watu hufanya nini na kusema nini. "Sawa dada," alisema polepole, kama anavyoambiwa mtoto mwenye homa. "Sawa. Ni chake. Nimeelewa. Pole sana."

Kisha akatoka, akavuta mlango wa duka mpaka chini, akatia kufuli, akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai. Shangazi akanishika kiuno akanirudisha mkekani. Mangi alikaa pale mpaka saa ya kuzika, akashika jeneza kama ndugu, na watu walimsifu kwa miezi kwamba yule kijana si wa dini yetu lakini ana adabu kuliko watoto wetu. Walisema kweli. Tangu asubuhi mpaka giza lilipoingia, kipande cha baba hakikusikika mtaani kwetu hata mara moja.